Leso ya Biasha

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu hapa maabara ya hospitali anajua. Lakini siku ile sikuwa na wa kumfokea ila nafsi yangu.

Mbarak alikuwa mpiga dawa ya wadudu kwenye shamba la pilipili huko nyuma ya Gazi. Alitufia mikononi, mate na jasho vikimtoka. Mwenye shamba akasema ni moyo tu; mimi nilishuku dawa ile. Chupa ya damu yake ilikuwa imekwisha kutupwa, naye alizikwa siku hiyo hiyo aliyokufa. Lakini Nairobi iko mashine inayopima uzito wa vipande vya protini ya damu. Kipande kilichoshikwa na sumu ya dawa huzidi uzito, na hapo hakuna wa kubisha. Hata damu iliyokauka kwenye kitambaa hutosha. Nikakumbuka dripu ilivyochomoka, damu ikairukia leso ya mkewe, Biasha.

Nikampigia simu. "Niletee ile leso, tafadhali. Ndiyo ushahidi pekee uliobaki."

Biasha yuko edani, anamkalia marehemu mumewe, hatoki nyumbani. Akamtuma shemeji yake, Ramadhani.

"Assalaam alaikum, dada Husna. Biasha akusalimu sana."

Nikafungua mfuko. Leso imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, yanukia udi.

"Ameifua?"

"Jana, ulipopiga simu tu. Ameisuuza mara tatu. Alisema damu ni najisi, ataona haya kumpelekea mtu kitu kama kile."

Hata mimi ningeifua. Nimelelewa hivyo hivyo. Na mdomo huu wangu, hodari wa kufoka, ulishindwa kusema neno moja: usifue. Niliigeuza leso dirishani, juu na chini. Sabuni haikubakisha kitu.

"Haifai tena, kaka," nikamwambia.

Akaichukua leso, akaikunja. Kisha akasema kwa upole kwamba kesho anaanza kazi. Mwenye shamba amempa bomba la kupigia dawa, lile lile la marehemu nduguye.

"Usiende."

"Watoto wa marehemu watakula nini, dada?"

Nilitaka kulia. Nikafikiria kumtoa damu yeye, lakini leo damu yake ni safi, haina cha kuonyesha. Nikajisikia nikisema, "Ukishapiga dawa wiki moja, njoo nikutoe damu."

"Inshallah, nitakuja."

Alipotoka nilichukua chupa tupu, nikaandika jina lake.