Aliyechukuliwa na Mzee

Mlima ukikohoa asubuhi, kazi ya kwanza ya Dobi ilikuwa kukimbilia uani kuanua shuka. Alikuwa mfuaji katika hospitali ya mji, kwenye chumba cha nyuma ambacho mvuke haukuisha na sakafu haikukauka. Mashine ya kukaushia ilikufa zamani. Wakubwa waliahidi nyingine, na ahadi ikawa ndiyo mashine. Kwa hiyo shuka zilianikwa kwenye kamba, na upepo ukigeuka, majivu yalishuka laini kama unga uliochekechwa, shuka nyeupe zikawa na rangi ya panya.

"Mzee ametukohoa tena," wenzake walisema, wakanuna, wakafua upya.

Hakuna mwenyeji aliyeuita mlima ule kwa jina lake la kwenye ramani. Walisema Mzee tu. Ukinguruma, Mzee anakohoa. Ukiwaka mwanga mwekundu kileleni, Mzee anavuta kiko. Ukimwaga moto, Mzee amekasirika, na hapo mzaha uliisha. Mtu akipotelea huko juu, hawakusema amekufa. Walisema Mzee amemchukua, amempa kazi. Aliyechukuliwa hakukaliwa matanga wala hakuliliwa, maana kumlilia mtu aliye kazini ni kutaka kibarua chake kiote nyasi. Alingojwa.

Mume wa Dobi alichukuliwa. Alikuwa kiongozi wa wageni wanaopanda kutazama shimo la moto. Siku moja upepo uliipeperusha kofia ya mgeni hadi ukingoni. Akaenda kuiokota, akainama, na ukingo ukameguka. Kofia ilibaki.

Tangu siku ile Dobi hakuwa mke, hakuwa mjane. Aliishi na mama mkwe wake katika vyumba viwili nyuma ya duka la magodoro. Mama alikuwa mwembamba, mwenye kifua kibovu na ulimi mzima. Kila jioni alipakua chakula cha mwanawe, akakifunika sahani juu, na asubuhi wakakila wao kimepoa. Dobi hakuwahi kuuliza. Walipendana kwa namna ya watu waliozoea kugawana sabuni moja. Jumapili alikuja wifi, msusi mwenye saluni karibu na stendi, akamsuka mama yake, akamletea dawa ya kifua, akaondoka.

Halafu akatokea Fundi Bomba. Aliitwa hospitalini kurekebisha bomba la chumba cha kufulia, akalirekebisha, kisha akawa anarudi kulirekebisha bomba lile lile ambalo halikuwa na kosa lolote. Wafuaji wakaanza kumuuliza kama bomba hilo ni mgonjwa aliyelazwa, maana hakosi kuja kulitazama.

"Mimi si wa kucheza kombolela, kujificha na kutokea," alimwambia Dobi mlangoni, akipangusa mikono kwa kitambaa. "Nataka kuja kwenu kwa heshima. Lakini nikija, nizungumze na nani? Na mama wa mumeo?"

"Mume wangu hajafa."

"Wewe unaamini hivyo?"

Dobi alitazama ndoo. "Mama anaamini. Na mimi naishi kwa mama."

Alibeba maneno yale kifuani siku nyingi, mpaka jioni moja, walipokuwa wakichambua mchele, yakamtoka yenyewe. Alitarajia kilio, au matusi. Mama mkwe aliendelea kutoa chuya, moja baada ya nyingine.

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mpole, mama."

"Mpole si kazi. Anafanya nini?"

"Fundi bomba."

"Angalau hapandi juu." Akauweka ungo chini. "Basi nipeleke."

"Wapi, mama?"

"Kwa Mzee. Wanasema aliye juu mngoje chini. Nimengoja mpaka magoti yameota kutu. Sasa nitapanda nimuulize mwenyewe. Mwanangu akiwa yuko, utangoja pamoja nami. Asipokuwepo, uolewe, mimi nitakupamba."

Wifi alipopata habari alikuja siku isiyokuwa Jumapili, kitana kikiwa bado kimechomekwa kichwani.

"Mama ana kifua! Moshi wa kule unawalaza vijana. Wifi, umerogwa?"

"Mama ndiye anayetaka."

"Mtoto akitaka wembe utampa?"

"Mimi si mtoto," mama alisema kutoka chumbani. "Na wembe nimeushika miaka yote hii. Twende sote."

"Siendi kumtazama mama yangu akijiua," wifi alisema, akaondoka bila kuaga.

Aliyewapeleka alikuwa rafiki wa mume wa Dobi, kiongozi mwenzake, ambaye wageni walimbatiza Taratibu kwa kuwa neno hilo lilikuwa theluthi mbili ya mazungumzo yake. Alitafuta wapagazi wanne, wakafunga kiti cha plastiki kwenye miti miwili, wakamkalisha mama juu yake na blanketi magotini.

"Niliolewa kwa miguu," mama aliwaambia walipomwinua. "Leo ndio nabebwa kama bibi harusi. Msiniangushe, mahari yangu hamtaiweza."

Wapagazi walicheka. Ilikuwa mara ya mwisho siku ile mtu kucheka.

Msitu uliisha ghafla, kama kitambaa kilichokatwa. Baada ya hapo ilikuwa miamba myeusi, mikali, iliyojisokota kama kamba za meli, na majivu yaliyomeza mguu hadi kifundoni. Ukungu ukawafunika. Harufu ya kiberiti ikaingia kooni. Taratibu akagawa vitambaa vilivyoloweshwa maji wafunike pua. Dobi alitembea nyuma ya kiti, akisikia kikohozi cha mama na mngurumo wa chini, na kuna wakati hakuweza kutofautisha upi ni upi. Mara mbili alisema, "Mama, turudi." Mara zote mbili mkono mwembamba ulinyanyuka kwenye blanketi, ukaonyesha juu.

Walifika ukingoni alasiri. Taratibu aliwasimamisha mbali kidogo na shimo, akamsaidia mama kushuka. Mwanzoni hapakuwa na kitu, moshi tu. Kisha upepo ukaupasua moshi.

Chini kabisa palikuwa na ziwa la mawe yaliyoyeyuka. Juu lilifunikwa na ngozi nyeusi, na ngozi hiyo ilipasuka mistari ya moto, ikajifunga, ikapasuka pengine. Lilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala vibaya. Kila lilipochemka kando ya ukuta, ardhi ilitetemeka ndani ya viatu vyao.

"Ni wapi?" mama aliuliza.

Taratibu alikohoa. "Mama, mahali alipokuwa amesimama hapapo tena. Ukingo umemeguka sana tangu siku ile. Unaona pale penye hewa tupu? Ndipo."

Mama aliitazama hewa tupu. Alimtazama Dobi, kisha akakitoa kitambaa usoni.

"Baba!" aliita. Hivyo ndivyo alivyomwita mwanawe tangu mdogo, kwa kuwa alirithi jina la babu. "Baba wee! Ni mimi mama yako. Nimekuja."

Alingoja. Wote walingoja. Dobi, ambaye hakuwa akiamini, alijikuta ameizuia pumzi. Shimo lilinguruma, moshi ukasogea, ukapita. Mama aliita tena, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa chumba ambacho taa yake imezimwa.

Alilitazama shimo toka ukingo hadi ukingo. Kisha akasema, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, "Hapa hakuna kazi. Mtu angefanya kazi gani hapa? Hakuna pa kukaa. Hata pa kuweka mguu hakuna." Akageuka. "Mwanangu amekufa."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio kilichokaa ndani miaka yote, cha sauti nzito isiyolingana na mwili wake, akapiga magoti kwenye majivu. Wapagazi waligeuza nyuso. Dobi alimkumbatia kwa nyuma, na yeye pia akalia, kwa mara ya kwanza, akimlilia mwanamume aliyekuwa akiimba vibaya akinyoa ndevu, aliyekufa kwa ajili ya kofia ya mtu asiyemjua.

"Umesikia," mama alimwambia walipotulia. "Uolewe."

Alishushwa amefumba macho, blanketi limefika kidevuni. Jioni ya siku iliyofuata alipika, akapakua sahani mbili, akala kidogo, akalala. Dobi alidhani huo ni utulivu. Akadhani mzigo umetuliwa. Lakini mama hakuchambua tena mchele, hakuwatania tena majirani, na aliposukwa hakulalamika kwamba anavutwa nywele. Kikohozi kikashuka chini ya mbavu. Wakamlaza katika hospitali ile ile, na Dobi akawa anafua shuka za mama mkwe wake, akizitambua kwa harufu ya mafuta ya kuchua.

"Kifua kilikuwa kimechoka," daktari alisema. "Na moshi ule haukusaidia."

Alikufa asubuhi tulivu, isiyokuwa na majivu hata chembe.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, wifi alisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Umempandisha mama yangu mlimani ili upate bwana."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Usiku na mchana Dobi alijiuliza kama kungoja hakukuwa ndiko fimbo aliyoiegemea mama, nao wakaenda kuivunja mbele ya macho yake. Fundi Bomba alikuja kutoa pole, akakaa na wanaume nje, akaondoka. Alipokuja tena, Dobi alimwambia, "Usije kwanza." Fundi akaondoka bila kuuliza mpaka lini. Bomba la hospitali likavuja kweli, akatumwa fundi mwingine.

Miezi ikapita ndipo wifi alipogonga mlango. Alikuja kuchukua nguo za mama. Walizikunja pamoja, kanga juu ya kanga, Dobi akizinyoosha kingo kwa mazoea ya kazi. Walipofika kwenye sweta, wifi alikaa nalo kitandani.

"Alilia?" aliuliza.

"Alilia."

"Sana?"

"Sana. Sote tulilia."

"Mimi sijalia kwa ajili ya kaka," wifi alisema. "Mama alikataza. Halafu mkaenda mkalia bila mimi." Alilikunjua sweta, akalikunja tena. "Nilisema siendi kwa hasira. Nilijua mtanibembeleza. Hamkunibembeleza."

Dobi aliketi kando yake. Hakuomba radhi, wala wifi hakuomba. Alimsimulia tu: kiti cha plastiki, maneno ya mahari, ukungu, ziwa, jinsi mama alivyoita na jinsi alivyongoja. Wifi alisikiliza akilipekecha sweta, na Dobi alipofika kwenye "hapa hakuna kazi", wifi akalia, na Dobi akamwacha alie mpaka akamaliza.

"Yule fundi yupo bado?" wifi aliuliza baadaye, akipenga kamasi.

"Sijui. Nilimwambia asije."

"Mtafute." Alisimama, akalibeba furushi. "Lakini usinialike harusini, wifi. Sitaweza kuja. Sasa hivi sitaweza."

"Sawa."

Dobi alimsindikiza hadi kwenye kona ya duka la magodoro, akambebea mfuko mmoja. Hapo wakaagana kwa mikono, kama watu wasiojuana sana. Akamtazama wifi yake akivuka barabara na furushi kichwani, hadi alipopotea katikati ya watu.