Rezista ya Mia Nne Sabini

Fundi redio na bintiye walikuwa wakibishana tangu asubuhi, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya rezista, kidude kisichozidi punje ya mchele, kazi yake kuubana umeme usije ukaunguza taa. Vitabuni kinaitwa kipingamizi. Na Kipingamizi ndilo jina ambalo fundi alimbandika bintiye tangu utotoni, maana yule mtoto hakuwahi kuambiwa jambo akalikubali mara ya kwanza.

Walikuwa wakitengeneza kengele ya mama. Masikio yake yalikuwa yameziba, wageni wanagonga weee, mwisho wanaondoka zao. Sasa mgeni akibonyeza kitufe mlangoni, kitaa cheupe kingewaka jikoni.

Kipingamizi alipiga hesabu: betri volti kumi na mbili, kitaa kinakula tatu, zinabaki tisa. Akachomeka rezista ya omu mia nne sabini kwenye ubao wa majaribio. Taa ikawaka.

"Inasinzia," fundi akasema.

"Inasinzia wapi, baba? Mbona inawaka vizuri?"

"Hesabu ni hesabu, jicho ni jicho. Nimechagua rezista kwa jicho wewe hujazaliwa."

Hapo hakusema uongo. Ila jicho lenyewe sasa, jamani, lilikuwa na ukungu mwaka wa pili huu, na mistari ya rangi inayotaja namba ya rezista yote ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Hakumwambia mtu. Amwambie nani? Fundi asiyeona huondolewa mezani, akawekewa kiti barazani, akawa anaulizwa kama amekunywa dawa. Fundi alikiogopa kiti hicho kuliko giza lenyewe.

Bintiye alipoingia ndani kutafuta skrubu, fundi akapapasa pakiti zilizoandikwa kwa kalamu nene. Akaweka mia mbili ishirini, maana namba ikipungua umeme hupita zaidi. Bado. Akaweka mia moja hamsini, na hapo moyo wake ukatulia, maana taa aliiona.

Kipingamizi alirudi akapokewa na harufu ya kuungua. Akaigusa rezista, akakipuliza upesi kidole kilichoungua. Fundi alisubiri ugomvi.

"Tujaribu tena," bintiye akasema taratibu, akibadilisha rezista. "Hii?"

"Inasinzia."

"Na hii?"

"Afadhali kidogo."

"Hii je?"

"Hapo sasa. Hiyo ndiyo taa."

Fundi akauona mkono wa bintiye umeinuka kama kivuli, umekinga uso na mwanga mkali. Basi akajua amekamatwa.

Mama akaingia na kitambaa cha vyombo begani, akasimama, akafumba macho. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama kawaida ya asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

"Mnanitengenezea taa au jua? Uziwi nimeukubali. Upofu sitaki, nyumba hii kipofu mmoja anatosha."

Fundi akamgeukia taratibu, akayafungua maneno kwa midomo ili mkewe ayasome. "Ulijua?"

"Chai unamimina nje ya kikombe, mimi nafuta. Mwaka mzima nafuta. Kilichoziba kwangu ni masikio, mume wangu." Akamfuta vumbi begani, vumbi ambalo pengine halikuwepo, akarudi jikoni.

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Akakaa akiipapasa pembe ya meza, ile iliyochomwa na pasi ya kulehemu zamani, kabla bintiye hajajua hata kuhesabu.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho," Kipingamizi akasema. "Na usinipinge, kupinga ni kazi yangu."

"Na akisema hayatibiki?"

"Utakaa hapo hapo ulipokaa. Mimi nitasoma rangi, wewe utaniambia redio ina ugonjwa gani. Mimi kuisikiliza redio ikikoroma nikajua inaumwa wapi, siwezi. Unajua siwezi."

Ilikuwa kweli, na kwa Kipingamizi kukiri kushindwa si jambo dogo. Fundi akamsogezea ubao.

"Haya, weka ile yako ya kwanza. Nisomee."

"Njano, zambarau, kahawia."

"Mia nne sabini," akasema palepale, bila kuitazama. Bintiye akabonyeza kitufe.

"Unaionaje, baba?"

Fundi akaikodolea macho.

"Inasinzia," akasema. "Ilehemu hivyo hivyo."