Kwapa la Mpimaji

"Haiwezekani," Mama Sahani aliiambia sahani ya maabara. Sahani haikubishana.

Kila wiki, pamoja na vijiti vya pamba vilivyopitishwa makwapani mwa wagonjwa, mpimaji mmoja asiye mgonjwa hutoa kijiti chake, ili sahani yake ikibaki tupu ijulikane kuwa maabara ni safi. Miaka sita alikuwa akijitolea Mama Sahani, na kwapa lake alilisifia kama mtu amsifiavyo mwanawe aliyefaulu. Leo sahani yake imeota. Fangasi weupe, wanene, wamevizingira vidonge vyote vinne vya dawa vilivyowekwa kuwazuia, bila kuacha hata upenyo wa sisimizi. Sugu kabisa.

Sahani ya pili, ya fundi cherehani aliyetengwa siku kumi na mbili kwa fangasi hao hao, ilikuwa tupu kabisa! Huyo anaruhusiwa kwenda kwake.

Mama Sahani alitazama mlango. Mkuu wa maabara alikuwa kwenye chai. Mjukuu wa kwanza wa Mama Sahani alikuwa na siku tatu, na bado hajambeba. Vibandiko vya majina vya kubadilishana vilikuwa viwili tu, na gundi yenyewe hafifu. Ukucha wake ukaanza kukwangua pembeni mwa kimoja.

"Hodi, mama." Mke wa fundi alichungulia dirishani. "Samahani kwa usumbufu. Leo tunaondoka, au nirudi tena kesho?"

Mama Sahani alificha mikono kama mwizi wa sukari. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Mwambie afungashe," alisema. "Na mama, usinipe mkono. Mwenye fangasi ni mimi."

Mkuu wa maabara alicheka mpaka chai ikampalia, kisha akaisoma kanuni ya kutenga watu. Mwandiko ulikuwa wa Mama Sahani mwenyewe, hauna huruma hata nukta. Mama Sahani akampigia binti yake simu, akalia kidogo, akaambiwa mtoto amefanana naye pua.

Jioni chumba cha kutengwa kilikuwa kimeshapigwa deki, kinanuka dawa. Fundi alisimama koridoni na mfuko wake, akasogea mbali kumpisha Mama Sahani.

"Kitanda kinalia ukigeukia ukutani," alimwambia. "Lala upande huu. Chai huja ya vuguvugu, usigombane nao, nimeshajaribu. Na pazia lilikuwa linaburura chini. Nimelipinda."

Mama Sahani aliinama kutazama. Mshono ulikuwa umenyooka, na mwisho wake sindano ilikuwa bado imechomekwa, na uzi ndani yake.