Soketi ya Tatu

...na huyu naye amesimama nyuma ya kiti changu anapumua, marashi yake yalifika kabla yake na yatabaki akishaondoka, mkuu wa kitengo, sisi tunamwita Kikao kwa sababu tangu aajiriwe hajatengeneza kitu kingine, andika bibie, ananiambia, andika basi, wananisubiri juu, na mimi nina kisanduku cheupe mbele yangu, SABABU YA HITILAFU, na kamstari kanakowaka na kuzima ndani yake, angalau kenyewe kakizima kanajua kuwaka... kituo cha kilimani kimepotea saa nne na dakika mbili asubuhi, zahanati na shule mbili hazina mtandao, nukta moja nyekundu kati ya nukta hamsini za kijani kwenye lile skrini la ukutani, kubwa kuliko kitanda changu, lilinunuliwa ili wageni wakiingia waseme lo, na Kikao anainyooshea nukta kidole, hii hapa, nyekundu, anasema, ahsante mkuu, bila wewe tusingeiona... ni yule mlinzi tu, anasema, wazee hawa nawajua, wanaingia ndani kuchaji simu, anachomoa plagi ya mtambo anachomeka chaja yake, andika hivyo, mlinzi amechomoa plagi, na leo hii hii kampuni ya ulinzi ituletee mwingine, samahani mkuu, anadakia jirani yangu wa meza, ambaye jina lake ndilo hilo, Samahani, samahani, hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo, wewe, unafikiri, tangu lini... mlinzi amechomoa plagi, maneno matatu, nikiyaandika yanapanda juu, na hakuna atakayejua, kumbukumbu za mfumo zipo, soketi ya tatu, amri ya kuzima, mtumiaji namba saba, saba ni mimi, lakini kumfungulia Kikao kumbukumbu za mfumo ni kumpigia mbuzi gitaa...

kamera tu, nilikuwa nazima kamera, iliganda tangu jana, na orodha yangu inasema kamera iko soketi ya tatu, kila kituo kina reli ya soketi nane ninayoiendesha nikiwa hapa hapa kitini, nazima, nahesabu mpaka kumi, nawasha, mamia ya mara nimefanya hivyo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe, leo nikazima, nikafika nne, kituo kizima kikaondoka, maana kwenye soketi ya tatu hakukuwa na kamera tena, kulikuwa na rauta, ile ile inayopokea amri zangu, nimeizima kwa amri iliyopita ndani yake na sasa amri ya kuwasha haina pa kupita, washa, nabonyeza, washa, washa, kama mtu aliyefunga mlango ufunguo umebaki ndani... miaka sita kazini, cheti kwenye fremu, na kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, mjinga we, tena mjinga wa kusomeshwa... fuata waya kwa mkono, baba mdogo alikuwa anasema, kabla hujazima kitu fuata waya wake kwa mkono mpaka mwisho, jicho linadanganya, karatasi inadanganya, nina miaka tisa nimechuchumaa chini ya meza yake ya kutengenezea redio, vidole vimejaa vumbi, umefika wapi, kwenye spika baba, umefika au umeona, nimeona, haya rudi mwanzo... na nilipotoka chuo nikamcheka, siku hizi hatushiki waya baba mdogo, kila kitu tunakiona kwenye skrini, akasema haya mwanangu, ile haya ya mtu ambaye hajakubali, kisha redio zikakosa watu akatafuta ulinzi, na katika vituo vyote akapangiwa kilimani, kwenye kituo changu, na buti zake za mpira, na tochi aliyoifunga kwa uzi, na daftari ambalo humo huandika hata paka akipita, na sauti, anaongea na simu kana kwamba sauti itateremka mlima kwa miguu, hapa ofisini hakuna anayejua ni nani wangu, simu yangu imemwandika Mlinzi Kilimani, asubuhi hii amepiga mara tatu, nimekata mara tatu... naitelemsha simu mapajani, nasoma ujumbe, wa saa mbili na robo, mwanangu fundi wa betri jana amehamisha plagi, nimefuata waya kwa mkono, ya tatu sasa ni ile mashine ya mtandao, usizime kabla hujanipigia... na wa saa nne na dakika tano, imezimika, kitufe nakiona, niwashe au nisiguse, nasubiri ruhusa...

anasubiri ruhusa, kitufe kiko mbele ya pua yake na hagusi, kwa sababu mlango umebandikwa karatasi MLINZI ASIGUSE CHOCHOTE, karatasi niliyoichapa mimi, na huyu hapa nyuma ananiambia niandike amegusa... mwezi uliopita alileta daftari ofisini, dada wa mapokezi akaniuliza, huyu mzee anayekuulizia ni nani wako, nikasema ni mlinzi tu wa kituo, hakuwa mbali, alisikia, akavua kofia, shikamoo bosi, akaniambia, yeye, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, akaniamkia mimi mbele ya watu ili uongo wangu usianguke, na mimi badala ya kufa kwa aibu nikaitikia, marahaba, nilisema, marahaba, daftari liache hapo... na bado nina uso wa kumdharau Kikao, Kikao anamsingizia mtu kwa kutojua, mimi nitamsingizia najua, basi nani kati yetu ni takataka... simu inatetemeka tena mapajani, mara ya nne, mbona hupokei, anauliza Kikao, nani huyo, nikipokea sauti yake itajaa chumba kizima, mwanangu, watasikia wote, Samahani atasikia, haya, fuata waya, kwa mkono, kutoka kwenye rauta iliyokufa, kwenye soketi ya tatu, unashuka mlima, unaingia jengo hili, unapanda ngazi, unapita chini ya meza, kwenye kibodi, kwenye kidole, umefika au umeona, nimefika baba... kisanduku bado cheupe, kamstari kanawaka, kanazima, nani huyo, anauliza Kikao, na mimi nayajaribu maneno kwanza mdomo ukiwa umefungwa, nione kama yatatoka, ni baba yangu mdogo.