Nzuri, Ila Moshi

Kazi yangu ni kuosha vioo vya ghorofa. Nasimama kwenye jukwaa la chuma linaloning'inia nje ya jengo, nina ndoo, sifongo na mpira wa kukaushia, na nafuta vioo ili walio ndani waone nje. Msimu huu nje hakuna cha kuona. Misitu ya upande wa kaskazini inaungua tangu mwezi uliopita, viwanda navyo havikutaka kuachwa nyuma, na mji mzima umefunikwa moshi wa rangi ya chai iliyolala. Jengo la jirani liko hatua hamsini tu kutoka hapa na nimeshasahau sura yake. Lakini mkataba unasema vioo vioshwe kila wiki, kwa hiyo naviosha, ili watu wauone moshi vizuri.

Kwenye simu tuna ramani ya hewa yenye rangi. Kijani ni salama, njano ujiangalie, nyekundu ubaki ndani. Sisi tumefika zambarau, na nadhani baada ya hapo wenye ramani waliishiwa na rangi. Kila asubuhi msimamizi hutuma ujumbe: "Afya zenu ndizo muhimu kuliko yote. Epukeni kukaa nje. Saa moja kamili muwe kwenye majukwaa." Sijaongeza neno hata moja. Barakoa anatupa moja kwa wiki. Jumatatu ni nyeupe, Ijumaa utadhani ni soksi. Huko ndani kila meza ina mashine yake ya kusafisha hewa, na hata ua la plastiki la mapokezi limewekewa ya kwake. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya tisa hunipungia mkono kwa huruma, kisha hufunga pazia.

Nyumbani hawajui haya. Ningewaambiaje, na miaka sita nimekuwa nikiwatumia picha? Kwa mwaka kuna wiki mbili ambazo upepo huvuma na mbingu huwa buluu. Wiki hizo mimi hupiga picha kama mtu anayeweka mahindi ghalani: mimi na mbingu, mimi na mti, mimi ndani ya koti la kuazima. Halafu nazitoa moja moja mpaka mwaka uishe. Mjomba, msemaji mkuu wa kundi la familia, huandika chini ya kila picha: "Hiyo ndiyo hewa! Siyo hii yetu." Nami kwa unyenyekevu mkubwa sikanushi.

Sasa zimenitokea puani. Mama yangu ana pumu. Barua ya kumwalika niliiandika mwenyewe, miezi mitano iliyopita, wiki ya mbingu buluu, nikijua vizuri kwamba ubalozi hauna haraka na pengine ungekataa. Jumatano dada yangu akaandika kwenye kundi: "Viza ya Mama imetoka! Jumamosi ya wiki ijayo yuko kwako. Daktari kasema abadilishe hewa, kifua kipumzike." Mjomba akaweka makofi mstari mzima.

Nilikaa kitandani nikaogopa, na hapa sitanii. Mama akibanwa, midomo yake hubadilika rangi. Mara mbili nimemshika mkono huku anaitafuta pumzi na haioni. Hewa ya huku ingemmaliza kabla hajafungua sanduku. Dawa ilikuwa kusema ukweli, na asiyejua salamu zetu atadhani hilo ni jambo jepesi.

Kwetu habari huwa nzuri kwanza. Jirani yetu aliwahi kuulizwa habari za nyumbani akajibu, "Nzuri, ila mzee tumemzika jana." Hiyo nzuri ni adabu tu; habari yenyewe iko kwenye ila. Mimi miaka yote hii nimekuwa nikikata simu kabla sijaifikia.

Alhamisi nilipiga. Nikamwambia Mama huku kuna baridi kali. "Nitabeba sweta," akasema. Ijumaa nikamwambia lifti ya jengo letu imekufa. "Nitapanda polepole, nipate mazoezi." Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebakiza wiki moja.

Jumapili mchana nilipiga tena. Dirisha nimeliziba kwa utepe, chini ya mlango nimeweka taulo lililolowa maji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Za huko?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri tu."

"Na hewa?"

"Nzuri, ila..."

Kikohozi kikanikatiza. Nilikohoa mpaka nikajikunja, machozi yakanitoka, simu ikaniponyoka. Nilipoiokota Mama alikuwa bado anakisikiliza. Kwa vikohozi, huyu mama hana mpinzani.

"Hicho si cha mafua," akasema. "Ni cha moshi. Nimepikia kuni maisha yangu yote, usinifundishe."

"Ni vumbi kidogo tu, Mama."

"Ulianza kusema ila. Malizia."

Nikamalizia. Nilimwambia habari za misitu, zambarau, barakoa, taulo, na picha za akiba. "Usije, Mama," nikasema. "Ukija utakufa, na nitakuwa nimekuua mimi kwa picha zangu."

Nilingoja anitukane. Hakutukana. Nikamuuliza, "Na kifua chako?"

"Kizuri."

Nikangoja.

"Kizuri, ila daktari hakusema kitu kuhusu hewa. Nilimsingizia. Sasa mtu mzima kama mimi nisumbue ukoo mzima, eti nimemkumbuka mtoto tu? Miaka sita, baba. Hizo picha zako, mjomba wako anatazama mbingu. Mimi natazama mashavu. Umekonda."

Nililia, na safari hii haukuwa moshi.

Jioni Mama akaandika mwenyewe kwenye kundi: "Safari yangu imeahirishwa. Anakuja yeye. Mjomba, makofi punguza."

Jumatatu saa moja kamili msimamizi alikuwa chini ya jengo, barakoa mbili usoni.

"Hujambo?" akauliza, akiwa tayari ameshanipa mgongo.

"Sijambo," nikasema, "ila naenda kumwona mama yangu."

Akageuka. Akasema afya ya familia ni muhimu kuliko yote, na kwamba nikiondoka nafasi yangu haitanisubiri. Nikamkabidhi ndoo, sifongo na mpira wa kukaushia.