Sauti ya Jumatatu

Mama aliposhindwa kunikataza safari, alinikataza dirisha.

"Usikae dirishani, mwanangu. Vumbi likikukaa kooni, Jumatatu simu za watu utazijibu kwa mikono?"

Nikacheka. Jumatatu ndiyo nilikuwa naanza kazi yangu ya kwanza ya kudumu: kupokea simu za wateja wa shirika la maji, watu walioamka wakakuta bomba kavu. Walinisaili kwa simu, na msimamizi akaniambia, "Sauti yako inamtuliza mtu." Vyeti vyangu vilikuwa vimezunguka maofisini mwaka mzima bila kuambiwa hata karibu; sauti ikapata kazi kwa dakika chache.

Nilikuwa na wiki moja mkononi na akiba ya kuungaunga. Kule saluni tunakosukwa mimi na mama kuna kalenda yenye picha ya mlima, na nilikuwa nimeapa kuuona huo mlima kabla sijafungiwa ofisini. Tiketi ya basi ya bei ya chini kabisa ilikuwa ya kiti cha nyuma, dirishani, na dirisha lenyewe halifungiki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilisalimika. Asubuhi ya pili, hostelini chini ya mlima, nilifungua mdomo kumsalimia mwanamke wa kitanda cha chini, ukatoka mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta.

"Nyamaza," akasema. Alikuwa mwalimu wa chekechea, yuko likizo, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imekwaruzika. "Na usinong'one. Kunong'ona ndiko kunamaliza koo kabisa."

Nikaandika kwenye simu, nikamwonyesha: Itarudi lini?

"Yangu iliondoka nikiwa na umri kama wako," akasema. "Bado naisubiri."

Akacheka mpaka akakohoa. Sikuona cha kuchekwa. Sauti ndiyo ilikuwa jembe langu, na nilikuwa nimelivunja kabla ya kulima tuta moja. Nilikunywa maji ya moto na chumvi hadi nikachukia chumvi. Kila nikipita dukani nilinunua kwa kidole, na wauzaji, wakidhani mimi ni kiziwi, walinipigia kelele sikioni.

Mama naye akapiga simu. Nikakata, nikamwandikia: Niko salama, mtandao mbaya. Akapiga tena. Nikakata tena. Angesikia tu ule mlio angejua, na niliijua hotuba ambayo ingefuata, kuanzia dirisha mpaka ukaidi wa ukoo wa baba yangu. Nilimwogopa mama kuliko nilivyoliogopa koo.

Mlima nao niliuona, kwa macho ya mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Tulipofika na mwalimu kwenye mwamba wa kutazamia bonde, wasafiri wengine walijipanga ukingoni kuita, maana bonde linakurudishia unachosema. Mmoja aliita jina la mchumba wake, mwingine akaitukana kazi yake, na bonde likaitukana pamoja naye. Mwalimu alinitazama. Nilitamani kuita mpaka machozi yakanilenga. Nikaubana mdomo, nikameza mate kupima koo, koo likachoma. Nikashuka mlima nimenuna kama mtoto aliyenyimwa uji.

Wakati wa kurudi, kondakta aliwaambia abiria, "Mpisheni huyu dada, haongei," nikapewa kiti cha mbele, mbali na dirisha. Niliona aibu. Nilikaa.

Nilifika nyumbani kwangu, chumba nilichopanga karibu na kazini, Jumapili jioni. Nikajifungia, nikajaribu: "Karibu huduma kwa wateja." Ilitoka sauti ya mwanamume mwenye mafua. Jumatatu asubuhi ilikuwa ileile.

Msimamizi aliniangalia juu ya miwani. "Wewe ndiye yule wa kwenye simu?"

"Ndiyo, dada."

Alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. "Nitakaa hapa nisikilize. Katika simu mbili za kwanza, hata mteja mmoja akikata akiwa ametulia, unabaki. Wasipotulia, nitampigia aliyekuwa wa pili kwenye usaili."

Mteja wa kwanza aliuliza kama anaongea na mlinzi. Akakata akiwa bado anafoka. Msimamizi akaandika kitu. Simu ya pili ikalia.

"Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Samahani, baba," ikasema sauti ya mama yangu. "Mimi sina shida ya maji."

Msimamizi alikuwa na vipokea sauti masikioni, ananitazama.

"Binti yangu anaanza kazi kwenu leo. Usimwite, utamtia aibu. Nataka tu kujua kama amefika. Wiki nzima hapokei simu, ananiandikia tu, na kuandika hata mwizi anaandika."

"Amefika, mama."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Ni mzima."

Alivuta pumzi ndefu, na nikasikia kwamba alikuwa akilia, mama huyu ambaye mazishini huwagawia wenzake vitambaa vya kufutia machozi.

"Nilimkataza kwenda, baba. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kusafiri bila msiba wala harusi. Nikaona akirudi na jambo baya, nitajilaumu kwa kumwacha aende. Lakini nilimwonea wivu pia. Mimi huo mlima nauona kwenye kalenda tu."

Nilitaka kusema ni mimi. Msimamizi alikuwa hajashusha kalamu.

"Mlima haukimbii, mama," nikasema. "Atakupeleka. Na safari hiyo hatakaa dirishani."

Kilio kikakatika ghafla.

"Haya," mama akasema polepole, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Asante, baba. Nimetulia. Na wewe, ukipata nafasi, kunywa maji ya moto na chumvi."

Akakata. Msimamizi aliufunga mkebe wake wa kalamu, akavua vipokea sauti, akasimama.

"Chumvi ipo jikoni," akasema. "Pokea inayofuata."