Bunduki Iliyowapiga Teke Akina Haugen

Akina Haugen walikuwa na bunduki moja ya marisau ambayo haikuuzwa, haikuazimwa wala haikusemwa vibaya. Ilikuwa ya mtutu mmoja, nyepesi, kuukuu, na ilitundikwa juu ya mlango wa jikoni pale shambani kwao Dakota Kusini. Kila mtoto wa nyumba ile alijifunza kulenga nayo. Ilimpiga teke la bega, bega likavilia damu, na jioni mezani alivuta ukosi wa shati watu wakatazama na kumpongeza. Mzee Verlyn alipigwa hivyo akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa, akiwa na sabini na minne, bado alikuonyesha mahali penyewe kwa kidole hata kama hukumuuliza. Wapo watu wanaorithishana mashamba, wapo wanaorithishana majina. Hawa walirithishana maumivu, na wakayaonea fahari.

Sasa zamu ilikuwa ya Maren, mtoto wa binti yake Corliss na mjukuu wake wa pekee. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, msemaji wa maneno machache, na kiburi chake kilikuwa cha babu yake kitupu. Alitaka kuingia timu ya shule ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na majaribio yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Verlyn alikuwa ameshawatangazia watu wote mjini.

Siku ya kwanza nyuma ya ghala, Maren alirusha risasi kumi na kukosa visahani vyote kumi. Hakulia. Jioni mezani alikula viazi vyake, na ukosi wa shati hakuugusa.

"Haya, tuone bega," Verlyn akasema.

"Halina kitu, Babu."

"Limevimba kama mkate," Corliss akasema. "Nimelipaka dawa mimi mwenyewe. Na ameniambia hataki tena timu."

"Mama, nilikuambia usiseme."

Verlyn aliweka uma chini. Haugen aache kulenga? Ilimuuma kuliko alivyotaka waone, na usiku ule usingizi ulimpaa.

Kesho yake alitumia ujanja ambao kila mtu anayefundisha watoto kulenga huko anaujua. Alimpa Maren mgongo, akachukua ganda tupu lililokwisha kutumika, akalitia mahali pa risasi, akaifunga bunduki na kumkabidhi. Corliss alisimama kwenye mtambo wa kurushia visahani.

"Vuta," Maren akamwambia mama yake, na kisahani kikaruka.

Bunduki ililia tik, basi. Hakukuwa na mshindo wala teke. Lakini kwa kulihofia teke mtutu ulikuwa umeinamia majani, na macho ya mtoto yalikuwa yamefumbwa kabisa.

"Unafumba macho," Verlyn akasema. "Utapataje usichokiona?"

"Najua. Yanajifumba yenyewe."

"Utazoea. Mimi nilizoea."

Maren alimtazama kidogo. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe nikujazie na wewe, Babu."

Verlyn alicheka, akampa. Maren akageuka, akajaza, akafunga, akamrudishia kwa adabu zote. Mzee alijiweka sawa kama mtu anayepigwa picha. Akaita, kisahani kikaruka, akavuta kifyatuo.

Tik.

Mtutu ulikuwa umeinamia majani yale yale. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Macho je?" akauliza mwenyewe.

"Yote mawili, Baba," Corliss akasema.

Verlyn alisimama pale na bunduki yake. Alikuwa amebadilisha bunduki nyingi za kuwindia tangu utoto, kumbe kila alipohama tabia ilihama naye. Akawakumbuka ndege wote aliowakosa kwa miaka sitini na miwili. Alilaumu upepo, alilaumu jua, na zaidi ya yote alimlaumu mbwa. Mbwa watatu walikuwa wamezikwa nyuma ya ghala lile wakiwa na lawama isiyokuwa yao.

"Ingieni garini," akasema. "Wote."

Duka la bunduki lilikuwa la Lavonne, mjane mnene mwenye miwani shingoni. Verlyn alikwenda moja kwa moja kwenye kibunduki kifupi, chepesi, kilichoandikwa kuwa cha watoto.

"Hicho ulichoshika, mzee, ni kile kile cha mlangoni kwako, kimepakwa rangi tu," Lavonne akasema. "Kinachopiga teke ni wepesi wake. Bunduki yenye uzito inalimeza lile teke, bega linabakiziwa kidogo."

"Mtoto mwenyewe huyo, unamwona alivyo. Ataibeba?"

"Muulize yeye. Au bega ni lako?"

Verlyn akajitoa mbele ya meza na kumpisha Maren. "Chagua, mjukuu wangu. Mimi nimeshachagua vibaya mara moja."

Maren hakuharakisha. Kila bunduki aliyopewa aliifungua kwanza kuhakikisha ni tupu, bila kuambiwa, na Lavonne akamtupia Corliss jicho la kusifu. Kisha Lavonne akamfundisha kipimo: fumba macho, ipandishe begani, fumbua. Ukiona ncha ya mtutu iko sawasawa mbele ya jicho lako, hiyo inakujua. Ya kwanza alijikuta anatazama chuma kitupu. Ya pili ilielekea dirishani. Ya tano ilikuwa ya kujipakia yenyewe, ya risasi ndogo kidogo, nzito kuliko zote. Alifumba, akapandisha, akafumbua, akatulia hapo hapo.

"Hii. Ila mkono haufiki vizuri."

"Hilo si neno, kitako nitakikata leo," Lavonne akasema. "Kipande nitakufungia kwenye karatasi. Ukirefuka, kirudishe tukiunge."

Jumamosi, Maren alivunja visahani kumi na vinne kati ya ishirini na vitano, na kocha akaandika jina lake. Verlyn alisimama nyuma ya uzio, kidevu juu kwa fahari. Jirani yake Duane akamsogelea.

"Verlyn, ile ya ukoo iko wapi? Au mjukuu ameogopa teke?"

Miaka yote Verlyn hakukosa la kujitetea; leo hakulitafuta.

"Ile imenifumba macho miaka sitini," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote pale. "Na mliokuwa mnalenga na mimi mnajua nilivyokosa. Huyu ameifanya ikasema ukweli, kisha akajichagulia yake mwenyewe. Mtazame vizuri, Duane. Macho yake yako wazi."

Jioni mezani viazi vilipozunguka, Maren aliweka uma chini bila kuambiwa. Akavuta ukosi wa shati, akawageuzia bega.

Halikuwa na alama yoyote. Verlyn alivaa miwani, akalitazama kwa makini, kisha akasimama na kumpa mkono kama mtu mzima anavyompa mwenzake.

"Hongera," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza katika nyumba hii."